Kitabu cha Mapenzi Mbele ya Mama Mkwe

Tuelewane tangu mwanzo: nimechoka kuulizwa fundisho. Nimestaafu, niko kwangu hapa Nachingwea, nimekaa barazani na kitabu changu cha katuni, nacheka peke yangu, halafu anapita kijana wa jirani na simu yake mkononi. Ananiamkia vizuri, na mimi naitikia vizuri. Kisha anauliza, "Bibi, hicho kitabu kina ujumbe gani kwa jamii?" Kwa jamii! Mtu amechorwa ametumbukia kichwakichwa kwenye pipa la togwa, miguu iko juu, kofia inaelea. Jamii ipate ujumbe gani hapo?

Najua mlikoyatoa. Shuleni mlifundishwa kwamba hadithi ikishasomwa lazima ikamuliwe dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi, na yule aliyeifurahia tu bila kukamua chochote akapata sifuri. Sasa mmekuwa watu wazima na bado mnakamua. Mtu anasoma kitabu cha upelelezi, moyo unamwenda mbio, ugali unapoa mezani, akimaliza anajikuna kichwa na kusema, "Kinatufundisha tuwe waaminifu." Kinakufundisha nini wewe? Kimekunyima usingizi, hiyo ndiyo kazi yake, na kimeifanya.

Mimi nilikuwa mhudumu wa maktaba. Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja na kibaraza, hapa hapa mjini, na ndani yake mlikuwa na rafu za vitabu vya masomo ambavyo watu waliviheshimu, na kabati moja la hadithi ambalo watu walilitumia. Kabati hilo ndilo lilikuwa langu. Katuni, mapenzi, upelelezi, majini, mapigano, safari za ajabu, vyote viliishi humo kwa kubanana. Mara kwa mara nilikuwa napakia sanduku la bati nyuma ya pikipiki ya maktaba, nafunga kamba, naenda Chiola, naenda Mnero nilikozaliwa, halafu navuka kwenda upande wa Ruangwa hadi Likunja. Naliacha sanduku, narudi na la zamani. Nimeifanya kazi hiyo mpaka magoti yakakataa pikipiki.

Aliyenifundisha ni mkutubi wetu, Mzee Kasiani, Mungu amrehemu. Mzee Kasiani alikuwa mkali. Wiki yangu ya kwanza alikuja dada mmoja akaomba kitabu cha mapenzi, na mimi kwa ujuaji wangu wa kutoka mafunzoni nikampa kitabu kuhusu lishe ya watoto, nikamwambia kitamsaidia zaidi. Dada akakipokea kwa adabu, akaondoka, na hakurudi tena. Mzee Kasiani alinisubiri nifunge dirisha ndipo akaniwakia.

"Fidea, mtu akija hotelini akaomba chai, wewe unampa panadol?"

"Hapana, mzee."

"Basi mpe chai!"

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba msomaji haulizwi anapenda vitabu gani, maana hapo atakudanganya. Atakutajia kitabu cha kumpendeza padri au shehe au mkewe. Muulize ni kitabu gani kilimkera, na alikiachia wapi. Hapo atasema kweli mpaka mate yamtoke. Anayesema "walikuwa wanaongea tu, wanaongea tu" mpe upelelezi. Anayesema "walikufa wote, sasa kuna raha gani" mpe mapenzi yanayoishia harusini. Anayesema "sikuelewa nani ni nani" mpe katuni, kwa sababu kwenye katuni kila mtu ana pua yake.

Alinifundisha pia kupanga kabati. Vitabu vya mapenzi havikai mbele ya mlango, kwa sababu mtu mzima hataki kuonekana na mpita njia akiwa amevichutamia. Vinakaa ubavuni, nyuma ya kamusi. Wanaume wazima wa mji huu walikuwa wanakuja kutafuta maneno kwenye kamusi kwa juhudi ya kushangaza. Mwalimu mmoja wa kwaya, mtu wa heshima sana, alikuwa akija kuchukua kitabu cha mapenzi na kuniambia, "Ni cha mke wangu, yeye ndiye anapenda mambo haya." Sawa. Siku mbili tatu baadaye anakuja mkewe, anachukua kitabu cha mauaji chenye damu mpaka kwenye jalada, na kusema, "Baba watoto ndiye anavipenda hivi." Miaka yote hiyo wameishi nyumba moja, kila mtu anasoma chake kwa jina la mwenzake, na kila mmoja ananitazama machoni bila kupepesa. Nilikuwa natamani niwaite wote wawili niwaambie kaeni kitandani msome, hakuna atakayewakamata. Sikuwahi kusema. Nilipiga muhuri tu.

Nasema haya kwa sababu na nyinyi mko hivyo hivyo, mmebadilisha tu mahali pa kujificha. Kijana wa kiume anasoma mapenzi kwenye simu, ukimsogelea anageuza kioo kana kwamba anahesabu fedha za benki. Mnaona haya ya nini? Na hizo hadithi zenu za kwenye makundi, ambazo mwandishi anafika pale mtu ameshika kitasa cha mlango, halafu anaandika, "Laiki zikiwa nyingi naendelea." Huyo ni mtekaji nyara! Sisi kitabu kilikuwa na mwanzo na mwisho, na kama mwisho umechanika nilikuwa namtafuta aliyeuchana mpaka kwao.

Kuhusu kuchanika, sikilizeni, maana bado wapo wenye vitabu vya karatasi. Gundi ya dukani inakauka na kuvunjika. Pika uji mzito wa unga wa muhogo, chemsha ndani yake majani ya mwarobaini ili mende wasiule, upake ukiwa wa vuguvugu, halafu weka tofali juu mpaka kesho. Jalada funika kwa karatasi ya mfuko wa saruji, tabaka la ndani ambalo halina vumbi. Kitabu kilichonukia moshi wa jikoni usikianike juani, kitajikunja. Kiweke kwenye debe la mchele mkavu. Na kitabu kilichoshikwa na mafuta ya ganda la korosho, hicho kiage. Yale mafuta yanababua ngozi ya mtu, seuze karatasi. Doa linakuwa jeusi, linapenya kurasa, na herufi zinakufa.

Lakini somo langu kubwa lilikuwa watu, na watu walinichosha. Kule Chiola kulikuwa na mzee mmoja mkulima wa ufuta, alikuwa anapenda katuni kuliko mtoto yeyote. Siku moja ananirudishia kitabu, ananisifia. "Mama Fidea, hiki ni kizuri sana. Huyu jambazi anauawa kwanza, halafu anakula, halafu ndio anaiba." Nikashangaa. Kumbe mzee alikuwa anasoma picha kwa kushuka, safu ya kushoto yote mpaka chini, ndipo anapanda juu kuanza safu ya pili. Nikamweleza kwa upole kwamba picha zinasomwa kwa kwenda upande. Akajaribu pale pale, ukurasa mmoja, akakunja uso.

"Hivi hainogi. Hivi mtu unajua kitakachotokea."

"Lakini mzee, ndivyo ilivyochorwa."

"Basi mchoraji alikosea."

Akaendelea kushuka. Nilirudi zangu Nachingwea nimekasirika, pikipiki inaruka kwenye mashimo na mimi nabishana naye peke yangu njia nzima. Nilikuwa sijaelewa bado kwamba mzee yule alikuwa na raha kuliko mimi.

Na Mnero alikuwepo mama mmoja aliyechukua kitabu cha majini asubuhi, akakirudisha kabla sijaondoka kijijini, amekifunga kwa kamba ya mkonge kama kuku wa kupeleka sokoni. "Kisilale nyumbani kwangu." Nikamuuliza, kwa hiyo hukukipenda? Akaniangalia kwa hasira. "Nimekipenda! Una cha pili?"

Sasa niwaeleze ya Likunja, maana ndiyo niliyokusudia tangu mwanzo, ila mmenikasirisha na fundisho lenu nikapotea njia.

Likunja sanduku langu lilikuwa linakaa kwa Bi Somoe. Bi Somoe alikuwa mjane, mwenye mikorosho yake na ulimi wake, na kila msimu kina mama wa jirani walikuwa wanakusanyika uani kwake kubangua korosho. Wanazichoma kwenye karai lililotobolewa, moshi unawasha macho, zikipoa wanazipasua kwa mawe moja moja, mikono wameipaka majivu wasibabuke. Ni kazi ya kuchosha na haina maneno. Basi wakapata wazo la kusomewa. Tatizo ni kwamba msomaji hawezi kubangua, kwa sababu ya yale mafuta, na mwenye kubangua hawezi kushika kitabu. Lazima apatikane mtu ambaye hagusi korosho kabisa.

Mtu huyo alikuwa Saidi, mkwe wa Bi Somoe. Saidi alikuwa amemwoa binti wa mwisho, na kwa desturi ya wengi huku kwetu akaja kuishi upande wa mke, awalimie wakwe. Kabla hajamaliza hata msimu mmoja, pikipiki ikamwangusha, nyonga ikaharibika. Jembe hawezi tena, kupanda mkorosho hawezi. Mkwe ameletwa alime, na halimi. Kaka yake Bi Somoe, ambaye ndiye mjomba mwenye sauti katika ukoo ule, alikuwa akipita pale kila mara na kusema kwa nguvu ili asikike ndani, "Huyu ni mkwe au ni mgeni?" Alikuwa anataka kijana arudishwe kwao na binti abaki. Alikuwa anasema hivyo kuhusu watu wawili wanaopendana, mbele ya watu, kama anazungumzia mbuzi asiyezaa.

Kusoma kukamwokoa Saidi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa na sauti, jamani, sauti ya kutangaza mpira. Kwa kuwa mkwe hakai uso kwa uso na mama wa mkewe, alikuwa anawekewa kiti pembeni ya ua, anaelekea barabarani, mgongo umewaelekea kina mama, na anasoma hivyo hivyo akiwa anaitazama barabara. Kina mama wakawa wanabangua zaidi kuliko zamani, maana hakuna aliyetaka kuondoka. Bi Somoe akawa anamjibu kaka yake, "Mkwe wangu ana kazi. Anasoma." Mjomba akanyamaza, lakini hakuacha kupita.

Wakamaliza katuni, ambazo Saidi alikuwa anazieleza picha kwa picha. Wakamaliza upelelezi. Halafu nikawapelekea kitabu kinene cha mapenzi, cha muuguzi na dereva wa lori, kitabu kilichokuwa kinagombewa Nachingwea mpaka nikakishona mgongo upya kwa uzi wa nailoni. Nikajisifu moyoni kwamba nimewapatia.

Haukupita muda nikamwona Bi Somoe anaingia maktaba. Alikuwa amekuja mjini kumwona mgonjwa, akaniletea na kitabu, amekifunga kwenye kanga. Hakukaa.

"Mama Fidea, mimi na wewe tunaheshimiana."

"Sana, dada yangu. Karibu kiti."

"Sikai. Mmetuletea kitabu kilichonyofolewa. Hapo katikati kurasa hazipo."

Nikashtuka. Kunyofoa kurasa ndiyo dhambi niliyokuwa siisamehe. Nikamwomba anieleze imepungua wapi, na yeye akanieleza hadithi kama walivyoisikia Likunja. Muuguzi na dereva walikutana hospitali, wakasalimiana. Wakatoka kwenda kutembea mtoni, wakasalimiana. Mvua ikawanyeshea, wakajikinga kwenye lori, humo ndani wakasalimiana kwa muda mrefu. Asubuhi wakaamka, wakasalimiana tena. Na sura iliyofuata, muuguzi ni mjamzito.

"Mimba ya nani?" Bi Somoe aliuliza huku amenikazia macho. "Tumemuuliza Saidi, anasema ya dereva. Dereva yupi? Huyu aliyekuwa anasalimia? Mwenzangu mmoja pale uani akasema, kama ni hivyo sisi wote hapa tuna mimba, maana tumesalimiana tangu asubuhi. Kuna mtu katikati hapo kaondolewa. Mmenyofoa nyie."

Nikakifungua kitabu. Nikakihesabu mbele yake ukurasa kwa ukurasa. Hakuna uliopungua. Nikaufungua ule wa lori na mvua, nikausoma kimoyomoyo, na pale hapakuwa na salamu hata moja. Nikaelewa. Nikatamani ardhi ipasuke.

"Kurasa zipo zote," nikasema, na nilipomaliza kusema ndipo nikajua nimesema nini.

Bi Somoe hakuwa amesoma shule, lakini akili yake haikuhitaji shule. Akakaa sasa, pole pole.

"Kama zipo zote, basi mkwe wangu ananidanganya."

"Dada, si hivyo..."

"Nimemtetea mbele ya kaka yangu. Nimesema kijana huyu ana kazi kwangu, kazi yake ni kusoma. Kumbe hasomi, anatunga! Sasa kaka yangu nitamwambia nini? Akisema aondoke, mimi nitasimama na lipi?" Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na najua hayakuwa ya kitabu peke yake.

Nikamwomba kitu kimoja tu: asiseme neno mpaka nifike Likunja mwenyewe. Akakubali kwa shida. Kitabu aliniachia, hakutaka hata kukigusa.

Nilipanda pikipiki ile kwa hasira ambayo sijui niieleze vipi. Niliwakasirikia wote. Saidi kwa kubadilisha kitabu, mjomba kwa mdomo wake, mwandishi kwa kuwapandisha wale watu kwenye lori, na Mzee Kasiani, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki, kwa kutonifundisha jambo kama hili. Nilipofika nikamvuta Saidi kando, huko kwenye kivuli cha ghala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Saidi, salamu gani zile?"

Akainamisha kichwa. Kijana mzima, jasho linamtoka.

"Mama, ningesomaje? Yule ni mama mkwe. Mimi hata usoni simtazami. Akipita njiani nakaa pembeni. Leo nifungue kinywa nimsomee mtu kavuliwa blauzi?"

"Ungesema kitabu hakifai, nikawaletea kingine."

"Nilisema. Wamekataa. Wanamtaka muuguzi."

Nikamwambia basi nitasoma mimi zile sehemu. Akainua kichwa. "Ukisoma wewe mama, mimi nitakuwa nafanya nini hapa?" Ni kweli. Nikichukua kitabu nimechukua na kiti chake. Binti wa Bi Somoe, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni amebeba karai, anatutazama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kuambiwa kama mumewe atalala pale kesho.

Nyinyi mnaosema hadithi za mapenzi ni upuuzi, nataka niwaulize, mngefanya nini? Mngekamua fundisho gani? Pale uani kulikuwa na ndoa ya kweli inaning'inia kwenye busu la kwenye kitabu, na hakuna hata mmoja aliyekosa adabu. Mkwe alikuwa na adabu kupita kiasi, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Nilikuwa nimebeba sanduku la vitabu miaka na miaka nikidhani kazi yangu ni kuvifikisha tu.

Kina mama walikusanyika baada ya adhuhuri. Karai likawekwa, mawe yakatolewa. Mjomba naye alikuwepo, safari hii hakupita, aliketi kabisa kwenye mkeka, kofia mapajani, kama aliyeitwa kwenye baraza. Nani alimwambia sijui. Kijiji hakihitaji kuambiwa. Saidi akakaa kwenye kiti chake akiangalia barabara. Mgongo wake ulikuwa umesimama wima.

Nikasimama na kitabu. Nikasema kurasa zote zipo, hakuna aliyenyofoa. Nikasema kwamba ndani yake kuna maneno ambayo kijana mwenye heshima hawezi kuyatamka mbele ya mama wa mkewe, kwa hiyo kila alipoyafikia aliweka salamu.

Halafu yule mama wa maneno ya mimba akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa mkono wenye majivu, akabaki na masharubu meupe. Mwenzake naye akaangua. "Masikini, na alivyosema wamesalimiana kwa muda mrefu!"

Mjomba hakucheka. "Kwa hiyo alikuwa anadanganya. Amekaa hapa msimu mzima anakula chakula cha kazi ambayo haifanyi. Somoe, umesikia kwa masikio yako."

Kicheko kikafa. Wote tukamgeukia Bi Somoe. Alikuwa amekaa na jiwe mkononi na korosho moja mbele yake haijapasuliwa. Alimtazama kaka yake, akautazama mgongo wa Saidi. Akaweka jiwe chini, akachukua kigoda chake, na kipande cha gunia chenye korosho zake, akainuka kwa kushika kiuno, akaondoka. Akazunguka nyumba, akapotea upande wa nyuma.

Mimi nilijua imekwisha. Binti pale mlangoni akaanza kulia bila sauti. Mjomba akavaa kofia yake taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi. Saidi alikuwa bado anatazama barabara, na mimi nilikuwa nimekishika kitabu kifuani nikikilaani, kitabu nilichokishona kwa mikono yangu.

Ndipo nyuma ya ukuta tukasikia kigoda kinawekwa chini. Halafu jiwe. Ko. Ko. Halafu sauti.

"Jamani, mimi sipo. Nimekwenda kisimani. Mkwe akae asome kama kilivyoandikwa, asibakishe neno."

Mjomba akafungua mdomo, na ile sauti ikamuwahi.

"Na kaka yangu kama anaona haya, kisima anakijua."

Nikampelekea Saidi kitabu. Akatafuta ule ukurasa wa mvua, akakohoa. Akaanza chini chini kama anayesoma maandishi ya dawa, kisha ile sauti yake ikampata. Mvua ikanyesha juu ya lori. Dereva akamsogelea muuguzi, akamshika kiuno, akambusu, na muuguzi hakumzuia. Kina mama wakapiga kelele, mmoja akamrushia mwenzake ganda la korosho. Binti wa Bi Somoe akaketi pale pale kizingitini, karai bado mikononi, anafuta machozi huku anacheka. Mjomba akainuka, akaangalia upande wa kisima, akaangalia upande wa barabara, akaketi tena.

Saidi akageuza ukurasa. Nyuma ya ukuta lile jiwe lilikuwa limenyamaza tangu lori na mvua, na sasa sauti ikaja, ndogo, ya mama mzima aliyesahau kwamba yuko kisimani.

"Hebu rudia hapo."

Saidi akarudi ukurasa mmoja nyuma, akarudia.